Hozi za Waya Mlandege: Palipokatwa Ndipo Panapovuja

Gari ikivuja mafuta njiani, lawama ya kwanza huangukia mpira. Dereva atasema mipira ya siku hizi haina maisha, fundi ataitikia, na wote wawili wataenda dukani kutafuta mwingine. Lakini ichane kwa kisu hozi iliyofeli, uitazame kwa utulivu. Mara nyingi utakuta sehemu ya katikati ni nzima. Ubovu uko kwenye sentimita chache za mwisho: waya zimechanua, mpira wa ndani umechubuka, au fitingi imebanwa kwa kukisia. Kwa hiyo la kuuliza Mlandege si hozi gani inauzwa. La kuuliza ni inakatwa kwa chombo gani, inafungwa kwa chombo gani, na nani anaipima kabla haijarudi kwenye gari. Ninaamini mafundi wetu wana mikono ya kutosha. Wanachokosa ni vyombo vichache, vingi vyao si vya bei kubwa, na zaidi ya vyote vyombo vya kupimia.

Kwa asiyeujua mji, Mlandege ni mtaa wa Ng'ambo, jirani na Darajani, upande wa pili wa Barabara ya Benjamin Mkapa ambayo wenyeji bado wanaiita Creek Road. Wengi walio nje ya visiwa wanalijua jina hilo kwa mpira wa miguu, kwa kuwa timu ya Mlandege ilitwaa Kombe la Mapinduzi mwaka 2023 na ikalirudia mwaka 2024. Mwenye gari analijua kwa sababu nyingine. Eneo hili lote ni la kuuza na kununua, na mtu mwenye mpira uliopasuka mkononi hupita humo akiuliza duka kwa duka. Gari zenyewe ni mchanganyiko: nyingi zimeletwa kutoka Japani zikiwa zimeshatumika, nyingine ni malori ya zamani ya abiria yenye bodi ya mbao, zile tulizoziita chai maharage. Zipo trekta za mashamba ya mpunga, vijiko vya kuchimbia barabara, na mashine za boti. Zote zina hozi, na kila hozi mpya lazima ivuke bahari. Isipopatikana mjini, mwenye gari anapanda boti kwenda Dar es Salaam, au anaagiza Dubai na kungoja. Ndiyo maana kazi ya kukata hozi na kuifunga fitingi hapa hapa Unguja haiwezi kuonekana kama kazi ya pembeni. Bila hiyo, kijiko kinalala wiki nzima kwa ajili ya mpira wa urefu wa mita moja.

Tuanze na kilichomo ndani ya hozi. Kuna mpira wa ndani unaogusa mafuta, kuna msuko unaobeba nguvu, na kuna ganda la nje linalokinga msuko. Msuko unaweza kuwa wa nyuzi, kama katika mipira mingi ya breki. Unaweza kuwa wa waya wa chuma uliofichwa chini ya ganda, kama katika hozi za haidroli. Au unaweza kuwa wa waya wa chuma cha pua ulio wazi juu, unaong'aa, ambao vijana wa gari za mbio wanaupenda. Aliyewahi kuuvuta ukili kwa ncha zake mbili anajua namna msuko unavyojibana ukivutwa na kuachia ukisukumwa. Waya wa hozi hufanya vivyo hivyo, na wahandisi wameshaipata pembe ambayo msuko ukilazwa humo hozi hairefuki wala haivimbi shinikizo linapoingia: takriban digrii 54.7 kutoka kwenye mstari wa urefu wake. Hata hivyo hakuna msuko uliolala sawasawa kila mahali. Hozi ya haidroli inaruhusiwa kurefuka hadi asilimia 2 au kufupika hadi asilimia 4 ikiwa kazini, na kwa hiyo anayeikata hozi ikawa imenyooka kama uzi wa kupimia, bila nafasi ya kurefuka na kufupika, ameshaiharibu kabla ya kuifunga.

Nguvu zinazopita ndani ya hozi hizi hazilingani hata kidogo, na hapa ndipo makosa mengi ya kuchanganya yanapozaliwa. Petroli ya gari yenye kabureta inasukumwa kwa sehemu ndogo tu ya bar 1. Petroli ya gari yenye injini ya sindano za umeme hufika karibu na bar 3. Gesi ya kiyoyozi, upande wa moto, inaweza kupita bar 15 katika joto letu la Januari. Pampu ya usukani inaweza kufika bar 70 hadi 100, na mkono wa kijiko ukiwa unanyanyua mawe ni zaidi ya bar 200. Injini mpya za dizeli zenye reli ya pamoja hufika bar 1,600 na kuendelea, lakini huko hakuna hozi, kuna bomba la chuma tupu, na fundi anayefikiri kuliziba kwa mpira aachane na wazo hilo leo. Mtu akichukua mpira uliotengenezwa kwa kabureta akauweka kwenye injini ya sindano, na akaubana kwa klempu ya mviringo, ameweka mpira unaoweza kuachia petroli juu ya ekzosi yenye moto. Kwa injini za sindano ule wenye alama ya SAE J30R9 ndio ulioandaliwa, na alama hiyo imechapishwa ubavuni mwa mpira kwa herufi zinazosomeka.

Kusoma maandishi hayo ni nusu ya ununuzi. Hozi ya haidroli yenye msuko mmoja, iliyoandikwa EN 853 1SN, ikiwa na tundu la nusu inchi, imekusudiwa kufanya kazi kwenye bar 160. Ndugu yake yenye misuko miwili, 2SN, ya tundu lile lile, inafanya kazi kwenye bar 275. Kwa macho ya haraka zinafanana kabisa. Kipimo cha kupasuka huwa mara nne ya kipimo cha kazi, na muuzaji akikwambia mpira wake unavumilia bar 1,100 muulize anazungumzia kazi au kupasuka. Chini ya maandishi hayo huwa kuna robo ya mwaka au wiki na mwaka wa kutengenezwa. Mpira uliokaa rafu miaka mingi karibu na bahari, ukipigwa na jua la mlangoni, umeshazeeka hata kama haujapitisha tone la mafuta.

Njia za kuishika hozi ni tatu. Ya kwanza ni klempu, mkanda wa chuma unaokazwa kwa skrubu. Hiyo ni ya maji ya rejeta, ya hewa na ya mafuta yanayorudi kwenye tangi, na sina zaidi la kusema juu yake ila kwamba haina mahali penye shinikizo kubwa. Ya pili ni fitingi ya kufunga kwa mkono, yenye kikombe na mkia, ambayo inaweza kufunguliwa na kutumika tena. Ya tatu ni fitingi ya kubanwa kwa mashine, ambayo ikishabanwa haifunguki.

Hiyo ya pili ina historia ya ndege. Jeshi la nchi kavu na jeshi la majini la Marekani yalikubaliana viwango vya pamoja vya viungo vya mabomba, na kutoka humo zikatoka fitingi zinazojulikana hadi leo kwa herufi AN. Namba yake ni hesabu ya sehemu za kumi na sita za inchi ya bomba: AN 6 ni inchi 3/8, AN 8 ni nusu inchi. Mdomo wake umepanuliwa kwa digrii 37. Kampuni ya Aeroquip, iliyoanzishwa Jackson, Michigan, mwaka 1940, ndiyo iliyoeneza kwenye ndege hozi zenye fitingi za kufungua na kufunga tena, kwa kuwa fundi wa ndege aliye mbali na kiwanda alihitaji kutengeneza hozi kwa spana na jiriwa tu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia fitingi hizo zikahamia kwenye gari za mbio. Sisi wa Afrika Mashariki tumeziona kwa karibu kwenye Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kurudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha. Kijana akiona waya zinazong'aa chini ya boneti ya gari hizo anataka na yeye awe nazo kwenye gari yake, na hapo ndipo mtaani inapozaliwa kazi ya kukata msuko wa chuma cha pua. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

Ugumu wake ni huu. Waya za msuko huo ni nyembamba na ngumu, na zimeshikana kwa mvutano wao wenyewe tu. Ukizikata bila kuzizuia, zinachanua kama ufagio, na hozi haiingii tena kwenye kikombe. Ukiilazimisha, waya mbili tatu zinajikunja ndani na kukaa kati ya mpira na mkia wa fitingi. Hapo zinachimba mfereji mdogo usioonekana, na mafuta yatapita humo gari ikishapata moto. Watu huita hali hiyo kutoka jasho, na hujaribu kuitibu kwa kukaza zaidi. Kukaza zaidi hakuondoi waya iliyolala mahali pasipo pake.

Wanaokata kwa msumeno wa chuma wanaweza kufanya vizuri, kwa masharti. Blade iwe ya meno 32 kwa inchi, iwe mpya, na hozi ifungwe utepe mzito kabla ya kukatwa, mizunguko mitatu au minne iliyovutwa sawasawa, kisha ikatwe katikati ya utepe. Hozi ilale kwenye kipande cha mbao chenye mfereji, isiminywe na meno ya jiriwa. Msumeno wa meno makubwa hukamata waya moja moja na kuzing'oa. Wapo wanaotumia patasi kali juu ya fuawe, pigo moja zito, na kweli waya zinakatika bila kuchanua. Lakini mpira wa ndani unabonyea, na ukiwa wa tefloni haurudi tena kwenye mviringo wake. Mkasi mkubwa wa kukatia nyaya za umeme, ule wenye midomo iliyopinda, ni bora kuliko patasi kwa hozi nyembamba, kwa sababu midomo yake inaizunguka hozi na kuikusanya badala ya kuikandamiza.

Chombo kinachotawala mtaani ni grainda. Siilaumu. Diski ya kukatia yenye unene wa milimita 1, juu ya hozi iliyofungwa utepe, inatoa mkato safi kuliko msumeno wowote wa mkono. Makosa yako pembeni ya mkato. La kwanza ni joto: fundi akibonyeza kwa nguvu mpira unaungua, unanata na kuacha masizi ndani ya tundu. Akate kwa mkono mwepesi, asubiri, aendelee. La pili ni unga. Diski inapokula chuma na kujila yenyewe inatoa chembe ngumu ambazo nusu yake huingia ndani ya hozi. Chembe hizo zikifika kwenye pampu ya usukani, au kwenye vali za kijiko, zinakwaruza nyuso zilizosagwa kwa vipimo vya sehemu za milimita. Pampu ikifa baada ya wiki tatu hakuna atakayekumbuka hozi. La tatu ni la mwili wa fundi mwenyewe: diski ya milimita 115 imepewa kikomo cha mizunguko 13,300 kwa dakika, na anayeondoa kinga ya grainda ili aweke diski kubwa zaidi anaiendesha kupita uwezo wake. Miwani ya macho bei yake ni ndogo mno kulinganisha na jicho.

Kusafisha baada ya kukata ni hatua ninayoiona ikirukwa mara nyingi kuliko zote. Kupuliza kwa mdomo hakutoshi. Kompresa ipo kila gereji. Hozi ipulizwe kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili, ioshwe kwa mafuta safi, ipulizwe tena. Viwandani hurushwa kidonge cha sponji kwa hewa, kikapita ndani ya hozi na kutoka na uchafu wote. Bunduki ya kurushia vidonge hivyo si mashine ya ajabu, na kipande cha sponji kilichokatwa kwa duara, kikubwa kidogo kuliko tundu, kinafanya kazi hiyo hiyo kikisukumwa na hewa ya kompresa, madhali hakuna mtu aliyesimama mbele ya mdomo wa pili.

Ufungaji wa fitingi za mkono una utaratibu wake. Kikombe kifungwe kwenye jiriwa yenye midomo laini ya alumini, maana fitingi hizi nyingi ni za alumini na meno ya jiriwa huzikwaruza. Hozi isukumwe ndani ya kikombe kwa kuizungusha mpaka ikaribie nyuzi za skrubu, ibaki milimita moja au mbili. Hapo fundi makini hupiga alama ya kalamu au hufunga utepe kwenye hozi, pale pale kikombe kinapoishia. Kisha mkia upakwe mafuta na kukazwa kwa spana mpaka kati ya nati na kikombe ibaki nafasi ya milimita moja hivi. Halafu aitazame ile alama. Ikiwa imesogea nje ya kikombe, mkia umeisukuma hozi nyuma badala ya kuingia ndani yake, na kazi yote irudiwe. Alama hiyo ya kalamu haigharimu chochote, na ndiyo kipimo pekee kinachomwonyesha fundi kilichotokea ndani ya kikombe asichoweza kukiona.

Hozi za tefloni zina jambo lao. Tefloni iligunduliwa na Roy Plunkett wa DuPont mwaka 1938, na sifa yake ni kwamba haishiki na kitu na inavumilia joto la zaidi ya digrii 200, wakati mpira wa kawaida wa haidroli unaishia digrii 100 hivi. Kwa sababu haishiki na kitu, fitingi ya mpira wa kawaida haiwezi kuikamata. Fitingi yake ina kipete kidogo cha shaba au chuma kinachoingizwa kati ya tefloni na msuko, na msuko lazima ufunguliwe kidogo kwa ncha isiyo kali ili kipete kipite bila kubeba waya. Fitingi za aina mbili hizi zikikaa kwenye boksi moja zinafanana sana. Nimeona hozi ya tefloni iliyofungwa kwa fitingi ya mpira, bila kipete. Ilishika mafuta kwa muda wote gari ilipokuwa baridi.

Kwa haidroli nzito, na kwa usukani, jibu ni mashine ya kubania. Ndani yake kuna meno manane yanayosogea pamoja kuelekea katikati na kuminya kikombe cha chuma juu ya hozi na mkia. Mfano wa P20 uliotoka kwa Finn-Power ya Finland umeigwa sana na viwanda vya China, na ipo ya pampu ya mkono na ya umeme. Kuwa na mashine hiyo watu hukuchukulia kama ndio mwisho wa safari. Mimi naona ndio mwanzo wake. Kila hozi ikiwa na fitingi yake ina kipenyo kimoja kilichoandikwa na mtengenezaji, ambacho kikombe lazima kifikie kikishabanwa, na uvumilivu wake ni sehemu chache za kumi za milimita. Kikibanwa pungufu, fitingi inachomoka hozi ikiwa kazini. Kikibanwa kupita kiasi, mkia unabonyea ndani, njia ya mafuta inaziba, na mpira unakatwa na meno ya mkia wenyewe. Kwa macho haiwezekani kutofautisha hali hizo tatu.

Kinachotofautisha ni kalipa. Fundi anapima katikati ya kikombe, kwenye bonde lililoachwa na meno si kwenye tuta lililo kati yake, mara tatu kwa kuzunguka, na kulinganisha na jedwali. Kalipa nzuri ya chuma, isiyo na betri, ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine. Jedwali ni karatasi tu. Penye mashine bila kalipa na bila jedwali, mwenye mashine anabana kwa sauti ya pampu na uzoefu wa mkono, na uzoefu huo ulijengwa kwenye hozi ya kampuni nyingine yenye ganda nene zaidi. Kwa hozi ambazo ganda lake lazima limenywe kabla ya kubanwa, kosa ni kubwa zaidi: asiyelimenya anabana juu ya mpira laini, na fitingi haishiki waya kabisa.

Kuna kosa jingine linaloletwa na bandari yetu. Mashine zinazofanya kazi Unguja zimetoka Japani, China, Uingereza, Uturuki na Ujerumani, na kila nchi ina uzi wake. Uzi wa nusu inchi wa Kiingereza na wa nusu inchi wa Kimarekani wa mabomba zote mbili zina nyuzi 14 kwa inchi, lakini pembe ya mmoja ni digrii 55 na ya mwingine ni 60. Zinaingiana mizunguko kadhaa, zinakaza, na zinavuja. Mdomo wa digrii 37 haukai sawa kwenye wa digrii 45, ingawa nati inaweza kukaza. Hatari kuliko zote iko kwenye breki. Gari za Kijapani hutumia uzi wa milimita 10 wenye hatua ya milimita 1, na fitingi ndogo ya Kimarekani ya AN 3 ina inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi, yaani milimita 9.5 na hatua ya 1.06. Ile ndogo itaingia kwenye tundu kubwa kwa ulegevu na itaonekana imeshika, mpaka siku ya mguu mzito kwenye pedali. Kipima uzi, zile sahani ndogo zenye meno zilizofungwa kama kisu cha mfukoni, kinaumaliza ubishi huu kwa dakika moja. Gereji isiyokuwa nacho inabahatisha.

Kwa breki nasema wazi: mpira wa breki usitengenezwe mtaani. Najua hoja ya upande wa pili. Mpira wa asili haupatikani, gari ni ya zamani, abiria wanangoja, na fundi ana mashine. Lakini mpira wa breki hauishi maisha ya hozi ya kijiko. Unajipinda kila usukani unapozungushwa na kila tairi linaporuka shimo. Kanuni ya Marekani inayosimamia mipira hiyo, FMVSS 106, inataka mpira uzungushwe na kupindwa kwenye mashine ya majaribio kwa saa 35 mfululizo bila kupasuka, ushikilie psi 4,000 kwa dakika mbili, na mipira myembamba isipasuke chini ya psi 7,000. Hakuna karakana ya mtaani inayoweza kufanya jaribio la saa 35. Anayetaka mipira ya waya ya breki anunue iliyokwisha kufungwa na kujaribiwa kiwandani kwa ajili ya aina ya gari yake. Inagharimu zaidi, na lazima ingojewe ije kwa boti. Gari isimame mpaka ifike.

Hozi nyingine zote zinaweza kutengenezwa hapa, na zijaribiwe hapa. Kawaida ya kujaribu hozi ya haidroli ni kuipa shinikizo mara mbili ya kipimo chake cha kazi kwa nusu dakika hadi dakika moja. Pampu ya mkono ya majaribio, yenye geji na tangi dogo la maji, inafanya kazi hiyo kwenye meza. Yatumike maji au mafuta, kamwe isiwe hewa, kwa kuwa hewa iliyobanwa huhifadhi nguvu na fitingi ikichomoka inaruka kama risasi. Hewa yote itolewe ndani ya hozi kabla ya kupandisha geji, na hozi ifunikwe kwa kizuizi cha chuma au mbao nzito. Na asiguse mtu kwa kidole kutafuta tundu. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo, hata kwa shinikizo la bar 7, yanaweza kupenya ngozi. Jeraha linaonekana kama kuchomwa na mwiba, haliumi sana saa ya kwanza, na ndani nyama inakufa. Fundi aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja siku hiyo hiyo na amweleze daktari kwamba ni mafuta ya shinikizo. Asipakwe dawa na kurudi kazini. Wamekatwa vidole watu duniani kote kwa kuidharau nukta hiyo.

Linabaki la gharama. Mashine nzuri ya kubania, pamoja na meno ya ukubwa wote, ni mtaji mkubwa kwa fundi mmoja, na kwa mji wa ukubwa wetu mashine nyingi zingelala bila kazi. Nairobi wameelekea kwenye mkusanyiko: Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ina maduka yaliyosimama bega kwa bega, na Kampala wana Kisekka. Kwa Unguja naona njia nyingine inafaa zaidi, mashine moja au mbili zinazotumiwa na mafundi wengi kwa malipo ya kila hozi, huku kila gereji ikibaki na vyombo vyake vidogo vya kukatia, kusafishia na kupimia. Kituo cha mafunzo ya amali cha Mwanakwerekwe na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, Mbweni, ni mahali ambapo pampu ya majaribio inaweza kuwekwa na vijana wakafundishwa kusoma jedwali la kubania kama wanavyofundishwa kuchomelea. Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2011, ina nguvu ya kuangalia hozi zinazoingia bandarini na kudai maandishi yake yasomeke. Sidhani tunahitaji sheria mpya. Tunahitaji mtu wa kuyasoma maandishi yaliyokwisha kuchapishwa kwenye mpira.

Kuna watakaosema kwamba mteja wa Mlandege hana subira ya kalipa wala pampu ya maji, anataka gari yake kabla ya magharibi. Ni kweli, na fundi anayepima atapoteza baadhi ya wateja kwa yule asiyepima. Kwa hiyo mzigo huu hauwezi kuachiwa fundi peke yake. Wewe mwenye gari, ukipeleka hozi kutengenezwa, simama hapo. Soma maandishi ya mpira unaokatiwa. Angalia kama imefungwa utepe kabla ya grainda, na kama imepulizwa baada yake. Mwombe fundi, kwa heshima, akuonyeshe kipimo cha kikombe kwenye kalipa na namba iliyoandikwa kwenye jedwali, na umlipe kwa dakika alizotumia kupima kama unavyomlipa kwa dakika alizotumia kubana. Akikwambia hana kalipa, chukua hozi yako umpelekee aliye nayo.